Kukariri Kumeonewa

Hakuna dhambi ya shule inayotajwa mara nyingi Afrika Mashariki kama kukariri. Kiongozi akizindua mtaala mpya huilaani kwanza, ndipo aendelee na hotuba. Mzazi akipiga simu redioni huirudia. Mwajiri aliyempata kijana asiyejua kuandika barua ya kikazi naye huitaja, ingawa haelezi ni kwa namna gani kukariri kulimzuia kijana huyo kujifunza kuandika barua. Miaka ya karibuni shtaka hilo limepata shahidi mpya, simu janja. Inasemwa kwamba tarehe zote, kanuni zote na majina ya mito yote yamo mfukoni, kwa hiyo kumjaza mtoto mambo hayo kichwani ni kumpotezea muda. Shule imfundishe kutafuta na kufikiri, mengine atayakuta mtandaoni.

Shtaka lenyewe limeitangulia simu kwa miongo mingi. Tanzania ilipogeuza mitaala yake mwaka 2005 ili ijengwe juu ya umahiri, na Kenya ilipoanza mwaka 2017 kuuacha mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985, kukariri kulikuwa miongoni mwa maovu yaliyotajwa ili kuhalalisha mageuzi. Wapo wanaorudi nyuma zaidi na kumfanya Julius Nyerere shahidi wao, kwa sababu katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 aliilaumu shule iliyoabudu maarifa ya vitabuni na kumtenga kijana na kazi za kijiji chake. Ni shahidi asiyewafaa sana. Nyerere alilalamikia elimu isiyogusa maisha. Hakusema mtoto wa mkulima ajue machache.

Maoni hayo yanayotawala yamesimama juu ya dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba kukumbuka na kufikiri ni kazi mbili zinazogombania nafasi kichwani, hivi kwamba moja ikipunguzwa nyingine hunenepa. Ya pili ni kwamba kilichomo ndani ya simu tayari ni maarifa, na anayeishika simu amekwisha kuyashika. Dhana zote mbili si za kweli.

Akili ya binadamu ina sehemu finyu mno ya kushikilia mambo inayoyashughulikia kwa wakati mmoja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller alikadiria kwamba sehemu hiyo hubeba vitu vipatavyo 7. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliupitia upya ushahidi na kukishusha kiwango hadi vitu kama 4. Kumbukumbu ya muda mrefu haina ufinyu huo. Jambo lililokwisha kukaa humo na kuzoeleka huja lenyewe linapohitajika, na halichukui nafasi ya jambo jingine linalofikiriwa wakati huo.

Matokeo ya ufinyu huo huonekana kila siku ubaoni. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaambiwa ajumlishe 3/8 na 5/6. Lazima aone kwamba 24 ndicho kigawe kidogo cha shirika, ageuze 3/8 kuwa 9/24 na 5/6 kuwa 20/24, apate 29/24, kisha aiandike kama 1 na 5/24. Mwenye tebo kichwani, 24 humjia bila kuitwa, na akili yake yote hubaki kwenye swali la maana, yaani kwa nini sehemu zenye asili tofauti hazijumlishwi hivihivi. Asiye na tebo huanza kuhesabu vidole: 8, 16, 24, kisha 6, 12, 18, 24. Akifika mwisho amesahau alikuwa anatafuta nini. Mwalimu huandika kwenye daftari kwamba mtoto hajaelewa sehemu, wakati mtoto hakupata hata nafasi ya kuzifikiria.

Jibu la haraka la watetezi wa simu ni kikokotoo. Kikokotoo kina faida, na si haki kukifanya mchawi: Aimee Ellington alipokusanya matokeo ya tafiti 54 mwaka 2003, hakuona ushahidi kwamba kinawaharibu wanafunzi pale kinapotumika katika kufundishia na katika kupimia pia. Lakini kikokotoo hujibu alichoulizwa, hakichagui cha kuuliza. Muuza duka anayetaka bei ya soda 12 za shilingi 850 akakosea kidole akaandika 85, ataonyeshwa 1,020 kwa utulivu uleule ambao angeonyeshwa 10,200. Anayejua papo hapo kwamba 10 tu ni 8,500 hushtuka. Asiyejua huandika risiti, na jioni hasara huitafuta kwenye droo.

Hoja ya hesabu huwa rahisi kukubalika, na hata wapinzani wengi wa kukariri humwachia mtoto tebo yake. Ubishi hukolea kwenye masomo ya maelezo: historia, jiografia, sayansi, fasihi. Hapo ndipo inapodaiwa kwamba stadi ya kusoma inatosha, na mengine hutafutwa.

Chukua sentensi hii: kusi lilipoanza kuvuma, wageni wa Ghuba walianza kuwabana wadeni wao. Hakuna neno gumu ndani yake. Msomaji akilitafuta kusi ataambiwa ni upepo utokao kusini, basi, na sentensi itabaki imefungwa vilevile. Kuifungua kunahitaji kujua kwamba majahazi ya Arabuni yalishuka pwani ya Afrika Mashariki na kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi. Kwamba yaliweza kurudi tu upepo ulipogeuka, kuanzia Aprili. Kwamba kwa hiyo biashara ilikuwa na msimu wenye mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, na anayekosa kulipwa kabla ya mlango wa pili kufungwa angengoja mwaka. Kwa mwenye mambo hayo kichwani sentensi ina haraka na wasiwasi ndani yake. Kwa asiyenayo ni habari ya hali ya hewa na watu wakorofi. Naye hatatafuta lolote, kwa sababu hajui kwamba kuna kitu kilichompita.

Jambo hilo limepimwa. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu kinachosimulia mchezo wa besiboli. Wanafunzi waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaoujua mchezo walikielewa na kukisimulia vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kinachoitwa stadi ya kusoma, basi, kwa sehemu kubwa ni maarifa ya jambo linalosomwa. Shule inayofundisha "mbinu za ufahamu" mwaka mzima, na kuachia mtandao habari zenyewe, inafundisha kidogo sana.

Wanaotaka fikra badala ya kumbukumbu hupenda kutoa mfano wa wachezaji wa sataranji, watu wanaofikiri hatua nyingi mbele. Mfano huo unawageuka. William Chase na Herbert Simon, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1973, waliwaonyesha wachezaji ubao wa mchezo halisi kwa sekunde 5, kisha wakawataka waupange upya. Bingwa aliwaacha mbali wanaoanza. Vipande vilipotawanywa ovyo, bila mpangilio unaoweza kutokea katika mchezo, ubora wa bingwa ulitoweka. Macho yake na akili yake havikuwa vya aina nyingine. Alikuwa amehifadhi maelfu ya mipangilio kwa miaka mingi, na alichokiita kufikiri kilikuwa kuitambua.

Anayekaa barazani kutazama bao hahitaji kusadikishwa. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na hoja moja inaweza kuzunguka mara kadhaa, ikila na kupanda, kabla ya kulala. Alexander de Voogt, aliyewasilisha Leiden mwaka 1995 utafiti wake juu ya ubingwa wa bao, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar wanaofanya hesabu hizo kichwani bila kugusa kete. Mtazamaji mgeni huona kipaji. Wenzake wa barazani wanakumbuka jioni zilizopotea na mitaji iliyofungwa vibaya, na wanajua kwamba fundi anaiona hoja kwa sababu amekwisha kukutana na jamaa zake mara nyingi.

Dhana ya pili, kwamba simu ina maarifa, inahitaji kuangaliwa pale simu inapotumika. Mwanafunzi anaambiwa aandike chanzo cha Vita vya Maji Maji. Simu inamletea kurasa nyingi kuliko anazoweza kusoma kwa wiki. Ili achague, lazima awe na kitu cha kupimia: kwamba vita vilianza mwaka 1905 katika nchi ya Wamatumbi na kuendelea hadi 1907, kwamba mtawala alikuwa Mjerumani, kwamba watu walilazimishwa kulima pamba na kulipa kodi, kwamba Kinjekitile Ngwale alikuwa na neno la kuwaunganisha watu wa makabila mengi. Mwenye mambo hayo manne au matano atatafuta vizuri kabisa na atarudi na mengi. Asiyenayo atanakili ukurasa wa kwanza. Utafutaji humpa zaidi aliyenacho, na jambo hilo halirekebishwi kwa kumfundisha mtoto vitufe vya kubonyeza.

Tangu programu za akili mnemba zinazoandika insha ziwafikie watu wengi mwishoni mwa mwaka 2022, hoja hii imekuwa na uzito zaidi, ingawa wengi wameigeuza kichwa chini miguu juu na kusema kwamba sasa kukariri kumekufa kabisa. Programu hizo huandika kwa ufasaha uleule zinapopatia na zinapokosea. Insha ikidai kwamba wapiganaji wa Maji Maji waliwainukia Waingereza, haitatetemeka sauti. Kitakachomwokoa msomaji ni kukumbuka, bila kutafuta, kwamba Waingereza waliishika Tanganyika kutokana na Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914. Atasema anaweza kuhakiki. Lakini hakuna ahakikiye kila sentensi. Mtu huhakiki ile iliyomtia shaka, na shaka hutoka kwenye kile alichokwisha kukijua.

Kuna na hatari nyingine isiyojionyesha. Mwaka 2015 Matthew Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliripoti kwamba watu waliotoka kutafuta majibu mtandaoni walijiona wanajua zaidi hata katika mambo ambayo hawakuyatafuta. Wanafamilia walio katika kundi la WhatsApp wamemwona mtu huyo: amesoma ujumbe mmoja kuhusu shinikizo la damu, na kuanzia hapo ni daktari wa ukoo mzima.

Watetezi wa kukariri nao wana hoja mbovu, nayo ni afadhali itupwe. Husema kwamba bando litaisha, umeme utakatika, na kwenye chumba cha mtihani simu hairuhusiwi. Yote ni kweli leo, lakini bando linaweza kushuka bei, umeme ukafika kila kitongoji, na kanuni za mtihani zikabadilishwa na kikao kimoja. Iwapo sababu ya kuhifadhi mambo kichwani ni upungufu wa mtandao, basi siku mtandao utakapotosheleza sababu itakuwa imekufa. Sababu ya kweli ni kwamba fikra haiwezi kushika kisichokuwamo kichwani, na hata mtandao wa bure usiokatika hautabadilisha hilo.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya mwanafunzi kasuku, naye yupo, si wa kubuni. Ni yule anayeweza kuandika kwa Kiingereza kisicho na dosari maana ya usanisinuru, neno kwa neno kama ilivyo kitabuni, na akiulizwa kwa nini mahindi yaliyo chini ya mwembe yamedumaa anakaa kimya. Walimu wa sekondari Tanzania wanamjua vizuri. Wakosoaji humwonyesha kidole na kusema: hayo ndiyo matunda ya kukariri.

Ni haki kuuliza kwanza mwanafunzi huyo angefanya nini kingine. Kama alisoma katika shule ya kawaida ya serikali, alifundishwa kwa Kiswahili kwa miaka 7. Alipoingia kidato cha kwanza, biolojia, historia na jiografia ziligeuka Kiingereza, lugha ambayo hadi wakati huo ilikuwa somo tu, mara nyingi mbele ya mwalimu ambaye naye anaitumia kwa shida. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari ziliendelea na Kiingereza kama kawaida. Mtoto asiyeelewa lugha ya somo ana njia moja ya kupata alama, kumeza madesa yalivyo. Akiyabadilisha neno moja, hajui kama maana imebaki. Hapa kukariri ni dalili ya ugonjwa, na anayepiga vita dalili huku akiuacha ugonjwa haelekei kumponya mgonjwa. Mwambie mtoto huyo huyo atafute mtandaoni, atanakili kwa Kiingereza kilekile asichokielewa. Tofauti ni kwamba safari hii hata kukumbuka hatakumbuka.

Mshitakiwa wa pili ni mtihani, na hapa teknolojia, inayoletwa kama mkombozi, ina mkono wake. Nchini Kenya karatasi za KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, zilikuwa za kuchagua herufi, isipokuwa insha na utunzi, na majibu yalisahihishwa na mashine. Mashine husahihisha haraka, haichoki wala haihongeki, na hizo ni sifa kubwa katika mtihani wa watoto zaidi ya milioni moja. Lakini inaweza kuona herufi iliyotiwa weusi tu, haioni mtoto alifikaje hapo. Mwalimu anayepimwa kwa matokeo hayo hufundisha vipande, kwa sababu vipande ndivyo vinavyohesabiwa. Halafu vipande vikishindwa kuungana, lawama humwendea mtoto aliyevikumbuka.

Maswali ya kuandika nayo yana ugonjwa wao. Mengi huanza kwa "taja": taja faida tano za umoja, taja sifa sita za kiongozi bora, taja madhara manne ya jambo fulani. Orodha hizo si maarifa ya kitu chochote. Hakuna mtu duniani anayejua kwamba sifa za kiongozi bora ni sita. Aliamua mwandishi wa kitabu, mwingine akaamua nane. Kuzikariri ni upotevu wa muda, na wakosoaji wakisema hivyo wako sahihi kabisa. Wanachokosea ni kuiweka orodha hiyo chungu kimoja na tebo, ramani ya mito na mfuatano wa matukio ya karne moja, kisha kukimwaga chungu chote.

Kwamba kuhifadhi na kuelewa vinaweza kukaa kichwa kimoja, fasihi ya Kiswahili yenyewe ni ushahidi. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki karibu mwaka 1840 bila kuacha diwani iliyochapishwa. Mashairi yake yaliishi midomoni mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kumpa W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Diwani ilitolewa na William Hichens mwaka 1940, karne moja baada ya mtunzi. Wahifadhi wale hawakuwa kasuku. Shairi la Muyaka limejaa mafumbo yanayolenga watu na visa vya mji, na asiyejua kisa hapati kitu. Sikujua alithaminiwa na Taylor kwa sababu angeweza kueleza fumbo lilimlenga nani. Alikuwa na maneno na alikuwa na maana, na maneno ndiyo yaliyoishikilia maana isipotee kwa miongo yote ile.

Wakosoaji wakifika hapa hukumbusha kwamba kila chombo kipya kimelalamikiwa na wazee; kwamba hata maandishi, katika Phaedrus ya Plato, yanashtakiwa kwa kuleta usahaulifu. Ni kweli, na mshtaki yule alizidisha chumvi. Lakini walioyatumia maandishi vizuri zaidi hawakuwa wale walioacha kukumbuka. Mwanazuoni wa Lamu au wa Zanzibar aliyekuwa na makabati ya vitabu alikuwa pia na vitabu kadhaa kifuani, na kwa sababu hiyo alijua afungue kabati lipi. Chombo kipya humzidishia uwezo aliyejaa, na historia ya maandishi haina mfano wa kinyume chake.

Chuo cha Kurani hutajwa sana katika mjadala huu, mara nyingi kwa dharau, kama shule ya watoto wanaotikisika wakisoma wasichokielewa. Lengo la chuo ni jingine. Kusoma maneno yale kwa usahihi ni ibada yenyewe, na si mfano wa namna ya kufundisha kemia. Hata hivyo chuo kina ufundi ambao shule imeukosa. Mtoto hasongi mbele tu. Kila siku husoma mbele ya mwalimu sehemu mpya pamoja na muraja'a, yaani marudio ya alizozihifadhi juzi, mwezi uliopita na mwaka jana. Husoma bila kutazama, na akikwama hukumbushwa palepale. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku mbalimbali hushinda marudio ya mfululizo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha kusoma. Baadhi walikirudia kukisoma, wengine walifunga karatasi na kujaribu kukumbuka. Baada ya dakika 5 warudiaji walikuwa mbele. Baada ya wiki walikuwa nyuma, kwa tofauti kubwa.

Sasa linganisha na desturi ya shule. Mada hufundishwa Februari na kufungwa. Hairudiwi hadi mtihani ukaribie, ndipo wanafunzi wakeshe na madaftari, wakisoma mistari ileile kwa macho hadi alfajiri. Wiki moja baada ya mtihani yameyeyuka. Hicho ndicho kinachoitwa kukariri na kulaaniwa mikutanoni, wakati kosa lake kubwa ni kwamba hakikuhifadhi kitu. Vijana wanaomaliza kidato cha nne hawaugui wingi wa kumbukumbu. Waulize Vita Kuu ya Kwanza ilimalizika lini, au asilimia 15 ya shilingi 40,000 ni ngapi. Shule inashtakiwa kwa kuwajaza, nao wametoka karibu watupu.

Nani hulipa gharama ya makosa haya? Si mtoto wa profesa. Yeye hukuta mezani mazungumzo ya siasa, hupelekwa makumbusho, husomewa hadithi kabla ya kulala, na kichwa chake hujaa hata kama shule haikumwekea kitu. Akiambiwa "tafuta mwenyewe" anatafuta, kwa kuwa ana pa kuanzia. Mtoto wa mama ntilie anayeamka saa kumi alfajiri kusaidia kuwasha jiko ana mahali pamoja tu pa kupata majina ya sayari, mfuatano wa watawala wa pwani na sababu za mvua, na mahali hapo ni darasani. Mtaala unaotangaza kwamba mambo hayo yamo kwenye simu unamnyima yeye, na unamnyima kwa maneno mazuri ya kumweka mwanafunzi katikati. Inashangaza kwamba maoni haya huchukuliwa kuwa ya kimaendeleo.

Si kila kitu kinastahili kuhifadhiwa, na simu imebeba mizigo ambayo hakuna haja ya kuidai tena. Namba za simu za jamaa, anwani za posta, tani za karafuu zilizouzwa mwaka fulani, urefu wa mto hadi kilomita ya mwisho: hayo yaachiwe simu bila majuto. Kichwani yabaki yale ambayo mengine hujengwa juu yake au hupimwa nayo. Tebo hadi 12. Sehemu za kawaida na asilimia zake. Bahari, mito mikubwa, nchi jirani na mahali zilipo. Tarehe 20 au 30 za historia, zikiwa na mfuatano, kwa sababu anayejua kipi kilitangulia hawezi kudanganywa kirahisi kuhusu kipi kilisababisha kipi. Kanuni chache za sayansi pamoja na maana ya kila herufi iliyomo. Mashairi kadhaa, kwa kuwa mizani na vina haviingii sikioni kwa maelezo.

Kazi hiyo haihitaji maabara ya kompyuta. Inahitaji dakika za mwanzo wa kipindi na mwalimu aliyeandaa maswali 10: matatu ya jana, manne ya mwezi uliopita, matatu ya muhula uliopita. Katika darasa la watoto 80 kila mmoja huandika majibu kwenye kipande cha karatasi, hubadilishana na jirani, husahihisha, na hakuna alama inayopelekwa popote. Kisha linafuata swali la 11, ambalo jibu lake halimo kitabuni wala kwenye yale 10, lakini haliwezi kujibiwa bila hayo: kwa nini jahazi lililotoka Muscat mwezi wa Januari halikurudi Februari, ingawa lilikuwa limekwisha kuuza kila kitu.